Kikohozi Kilichohama Nyumba

Mideva hakuwa mrefu, wala hakuwa na sauti kubwa, lakini wanawake kumi na tisa wa Kwaya ya Kina Mama ya Ziwani tulimwogopa kuliko askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji. Wakati wa mazoezi alishika penseli mkono wa kulia na daftari mkono wa kushoto. Penseli ilituongoza kuimba, na daftari lilituhukumu. Ukichelewa, aliandika. Ukisahau maneno, aliandika. Ukinong'ona na mwenzako kuhusu bei ya nyanya, hilo nalo aliliandika, kisha ukaitwa mbele uimbe ubeti wa kwanza peke yako, bila msaada wa mtu. Mimi, Wangeci, niliitwa mbele mara nyingi hata wageni wakadhani mimi ndiye mwimbaji maalumu wa kanisa.

Nilikuwa jirani yake. Nyumba zetu ni zile za zamani za baraza la jiji, na sisi wawili tuligawana ukuta mmoja, bomba moja na choo kimoja, choo ambacho tulikigawana pia na familia nyingine nne. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu hukaa mlangoni. Yeye alikuwa mpakiaji wa biskuti katika kiwanda kimoja huko Eneo la Viwanda. Kwa miaka kumi na mitano kazi yake ilikuwa kutazama pakiti zikipita mbele yake na kuikamata ile iliyopungukiwa. Alisema hahesabu hata moja. Anaiona tu safu yenye pengo, kama unavyoona jino lililong'oka kwa mtu anayecheka. Macho hayohayo ndiyo aliyokuja nayo kwenye kwaya. Mumewe Andati, mlinzi wa ghala na mtu wa mzaha, alizoea kusema kwamba yeye hakuoa mke, alioa refa.

Nayasema haya kwa mapenzi. Ulimi wangu ni mkali na Ziwani nzima inajua, lakini nilipofiwa na mume wangu ni Mideva aliyenivuta kwa mkono hadi kwenye kwaya, akaniambia majonzi yasipoimbwa huoza ndani ya mtu. Basi mkinisikia namchokoza, jueni namchokoza mtu wangu.

Mwezi wa Februari 1993, daktari kijana aliyeitwa Maingi na muuguzi wake, Sista Aoko, walipanga meza mbili katika ukumbi wa mtaa wetu wakatangaza kwamba wanapima presha bure. Wengi wetu tuliamini presha ni ugonjwa wa matajiri na wake za wachungaji. Mideva hakutaka maoni ya mtu. Aliipeleka kwaya nzima, akatupanga foleni kwa sauti zetu, wa sauti ya kwanza mbele, wa sauti ya pili nyuma.

"Mia na tisini juu ya mia na kumi," Sista Aoko alimsomea.

"Na waliotangulia wamepata ngapi?" Mideva akauliza.

Alidhani ni alama za mtihani, na kwa uso wake ilionekana anadhani amekuwa wa kwanza. Na kweli alikuwa wa kwanza, kwa bahati mbaya. Katika kwaya tulipatikana wanne wenye presha: mimi, Lydiah anayeuza mitumba, Mideva mwenyewe, na Mourine, ambaye alikuwa amehamia Umoja lakini hakukubali kuacha kwaya yetu.

Daktari Maingi alituketisha akatueleza kwa upole. Presha haina kelele, alisema, haiumi wala haiwashi, ndiyo maana lazima ipimwe. Yeye alikuwa anafanya utafiti. Kulikuwa na dawa mbili, zote zinatumika kwingine, na alitaka kujua ipi inawafaa zaidi watu wa hapa, na kila moja inaleta usumbufu gani. Ili asimpendelee mtu, kila mgonjwa angeokota bahasha. Mimi na Lydiah tukaokota tembe za pinki. Mideva na Mourine wakapata tembe nyeupe. Kila mmoja alipewa kopo lenye jina lake, na Sista Aoko angepita kila baada ya wiki mbili kuhesabu zilizobaki, ajue kama tunameza kila siku.

Mideva alimpenda daktari huyo papo hapo. "Huyo kijana ana daftari," aliniambia tukirudi nyumbani. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko kuokoka.

Usumbufu haukuchelewa kufika. Tembe nyeupe ilimtoa mtu maji kama bomba lililopasuka. Asubuhi Mideva alikuwa anaingia chooni, anatoka, anafika nusu ya njia, anageuka. Familia zile nne zilianza kutuangalia vibaya. Na wimbo tuliokuwa tunauandaa kwa mashindano ya kwaya ya mwezi wa Agosti, wimbo aliotunga Mideva mwenyewe, ulikuwa juu ya mitungi sita ya maji. Kila tukifika kwenye maji yanayomiminwa, Mourine alikuwa anabana miguu. Mideva alilitatua hilo kwa wiki moja: tembe nyeupe imezwe alfajiri kabisa, na ikifika saa nne mambo yawe yamekwisha.

Usumbufu wa ile ya pinki haukuwa na utatuzi wa aina hiyo. Sikuwa naumwa, sikuwa na homa, lakini kooni palikuwa pananiwasha kama nimemeza unywele, nikawa nakohoa kikohozi kikavu kisicho na mwisho. Lydiah vilevile. Nilimwambia daktari, naye akaandika. Alisema yawezekana ni dawa, na kikizidi atanibadilishia, ila nikibadilishiwa nitatolewa kwenye hesabu ya utafiti. Mimi niliposikia kutolewa, nilifunga mdomo. Sisi watu wa Ziwani tukitolewa mahali huwa haturudishwi.

Sasa, katikati ya ubeti wa kwanza wa wimbo wa mitungi kulikuwa na sauti moja ndefu ya kushikilia, hesabu nane kamili, na ilikuwa yetu sisi wa sauti ya kwanza. Mimi nilikuwa nafika hesabu ya nne. Lydiah alifika ya tano siku za baraka. Katika daftari la Mideva visanduku vyetu vilijaa herufi K, yaani kikohozi, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Mwanzoni mwa Mei, baada ya mazoezi, Mideva alituweka chini sisi wanne.

"Mama Njogu," aliniambia, kwa maana mwanangu wa kwanza ni Njogu, "hii dawa yako na hii yangu, si zote ni za presha?"

"Ni za presha."

"Sukari ya karatasi na sukari ya kopo, si chai ni ileile? Basi leta ya pinki nimeze mimi, wewe meza nyeupe. Mimi naongoza, sihitaji koo. Na Mourine abadilishane na Lydiah. Wa sauti ya pili wakikohoa kidogo hakuna mtu atasikia."

Mourine alinuna kidogo kwa hilo la kutosikika, lakini akakubali. Wala msituone wahalifu. Katika mtaa wetu mtoto mmoja akipewa tembe za malaria, zinazobaki huenda kwa mtoto wa jirani. Chumvi tunagawana, makaa tunagawana, na mtu anayeficha dawa ndani ya nyumba yake huonekana mchoyo. Hakuna kati yetu aliyefikiri tunamkosea daktari. Tulifikiri tunasaidiana, na kwa kweli tulikuwa tunasaidiana.

Ila makopo yalikuwa na majina, na Sista Aoko alikuwa anahesabu. Kwa hiyo kila alfajiri mimi nilimpitishia Mideva tembe moja ya pinki dirishani, naye akanipa moja nyeupe. Mourine na Lydiah walipeana saba kwa saba kila Jumamosi kwenye mazoezi. Sista alipopita, hesabu ilikuwa sawa bila tembe moja kupungua, akatusifu mbele ya watu kwamba kina mama wa kwaya ni mfano wa kuigwa. Mideva aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mimi nilikuwa karibu kupasuka kwa kicheko.

Kufikia mwisho wa Mei koo langu lilikuwa shwari. Nilishika ile sauti ndefu hesabu nane, Lydiah akaishika, na wanawake wakapiga vigelegele hata mchungaji akatoka ofisini kuuliza nani anaolewa. Sijawahi kuwa na furaha ya kipumbavu kama ile.

Halafu Mideva akaanza kukohoa.

Alitarajia kukohoa kidogo, na mwanzoni alikicheka kikohozi hicho. Lakini kilimpata vibaya kuliko kilivyonipata mimi. Niliona ameanza kulala ameketi. Kupitia ukutani nilikisikia kikipiga, kinanyamaza kidogo, kinapiga tena, na nilipomuuliza alisema ni vumbi la unga kiwandani. Wiki ya tatu ikapita, ya nne, ya saba. Alikonda, maana mtu anayekohoa hali chakula. Na miaka ile, ndugu zangu, mtu akikonda na kukohoa, watu hawakuuliza swali, walijijibu wenyewe. Kuna mama mmoja aliyehamisha ndoo yake mbali na ya Mideva pale bombani. Nilimwambia maneno ambayo nilikwenda kuyaungama Jumapili, na siyajutii.

Na je, kwa nini hatukufikiria ile tembe? Tulijua inawasha koo, lakini mimi na Lydiah haikutukondesha wala kutulaza tumeketi. Nitawaambia ukweli: kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kuamini jambo lingine. Nilikohoa mimi kwanza, kisha akakohoa yeye, na kati yetu kuna ukuta mmoja tu. Niliamini nimemwambukiza rafiki yangu kifua kikuu. Niliamini mimi nilipona kwa bahati na yeye ndiye atakayelipa. Nilishona nguo za watu huku nalia juu ya kitambaa.

Kiwandani msimamizi akamsikia. Pakiti za biskuti na mtu anayekohoa havikai pamoja, alimwambia, alete barua ya daktari inayosema kifua ni safi, au asirudi. Mideva akaenda kwa Daktari Maingi. Makohozi yakapimwa mara tatu, hayakuonyesha kitu. Alipigwa picha ya kifua, ikaonyesha alama ndogo ambayo huenda ilikuwa kovu la zamani na huenda haikuwa. Mimi nilimsindikiza Ijumaa aliyopewa majibu.

Daktari alifungua faili yake, akakuna kichwa.

"Mama, wewe ni wa tembe nyeupe. Nyeupe haileti kikohozi. Jirani yako alikohoa kwanza, akapona mwenyewe huku anaendelea na pinki, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa pinki. Kilianza kwake kikaja kwako, na mnagawana ukuta. Siwezi kukaa nikiangalia tu. Naona tuanze matibabu ya TB. Jumatatu utaanza sindano, kila siku kwa miezi miwili."

"Sindano sitini?" Mideva akauliza.

"Sitini."

Habari ya kubadilishana hatukumwambia: tuliogopa kutolewa, na ile alama ya kwenye picha ilikuwa imekwisha kutushawishi. Sindano sitini, bila kazi, bila mashindano, na jina la ugonjwa ule mlangoni kwake. Andati aliposikia hakufanya mzaha wowote, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Jumamosi asubuhi Mideva aliniita kwake. Daftari lilikuwa mezani, na penseli juu yake.

"Mama Njogu, utaongoza wewe."

"Mimi? Mimi ndiye mchelewaji mkuu."

"Ndio maana. Mwizi ndiye anajua milango yote. Kaa hapa nikuonyeshe alama."

Nilikaa. Alinifungulia ukurasa wa Aprili, akaanza kunieleza: hii ni kuchelewa, hii ni kusahau maneno, C ni kwenda chooni, K ni kikohozi. Akageuza Mei, akageuza Juni. Alikuwa anapitisha penseli juu ya safu, polepole, kisha penseli ikasimama.

"Ngoja," alisema.

Aligeuza kurudi nyuma. Akageuza mbele. Nilimwona uso wake ukiwa ule wa kazini, ule wa kukamata pakiti.

"Angalia wewe. Aprili, K ni zako na za Lydiah. Juni, zako zimeisha, za Lydiah zimeisha. Za nani zimeanza?"

"Zako."

"Na?"

Nikafuata penseli. "Na za Mourine."

"Mourine anakaa wapi?"

"Umoja."

"Anagawana ukuta na nani wa hapa? Na hawa wengine," akapitisha penseli juu ya majina kumi na sita yenye visanduku vitupu, "wanaimba midomo wazi kwa chumba kimoja na sisi. Mbona hakuna hata mmoja? Mbona Andati hakohoi na tunalala kitanda kimoja? Ugonjwa wa kuambukiza huzaa, Mama Njogu. Huu haujazaa. Tulikuwa wawili, bado tuko wawili. Umehama tu, kama mpangaji."

Wote wawili tukatazama dirishani, pale tulipokuwa tunapitishiana tembe kila alfajiri.

Niliruka nikamkumbatia nikapiga kelele hata jirani wa pili akagonga. Sikuwa nimemwua rafiki yangu! Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Kisha, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, nikapata wazo la haraka.

"Basi tuache kubadilishana leo. Kila mtu arudie kopo lake, nami niache kumeza kabisa. Usiende kwa sindano Jumatatu. Kitaisha kimyakimya, na daktari hatajua."

Mideva hakucheka. Aliketi akakohoa mpaka akamaliza.

"Yeye ameandika kwa daftari lake pinki haina kikohozi," alisema. "Ameandika hivyo kwa sababu yangu. Kesho mama fulani wa Machakos atapewa pinki, atakohoa kama mimi, na daktari wake atasoma daftari la Maingi na kumwambia ni TB. Atadungwa sindano sitini za bure. Wangeci, mimi nimetia uongo katika daftari la mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu mwenyewe tangu tufahamiane. 

Jumatatu, badala ya kwenda kwa sindano, Mideva alivaa sare ya kwaya akaelekea ukumbini na daftari kwapani. Sisi watatu wenye hatia tulimfuata, na kwa kuwa Ziwani haina siri, kwaya nzima ikatufuata nyuma. Alisimama mbele ya meza ya daktari, mikono pembeni, vilevile tulivyokuwa tunasimama sisi anapotuita mbele.

"Daktari, mimi nimekosa. Tangu Mei sisi wanne tunabadilishana dawa. Mimi ndiye nilipanga. Hawa walinitii tu."

Sista Aoko aliruka kutoka kwenye kiti.

"Mimi nimehesabu zile tembe kila wiki mbili! Zilikuwa kamili!"

"Zilikuwa kamili, Sista," alisema Mideva, na Mungu anisamehe, nilisikia majivuno kidogo katika sauti yake.

Daktari alitoka nje. Tulimwona kupitia mlangoni akizunguka mti wa mjakaranda ulio nje ya ukumbi mara mbili, mikono kichwani. Nilijua sasa tumetolewa, na bora tu wasituitie polisi. Aliporudi alinyoosha mkono, akaomba daftari.

Alilisoma amesimama. Kisha akakaa akalisoma upya, kidole juu ya safu, kama Mideva alivyofanya.

"Hizi tarehe ni za kweli?"

"Daktari," Mideva alisema, na hapo alikasirika kwa mara ya kwanza, "mimi nimedanganya kwa kopo. Kwa daftari sijawahi."

Yule kijana alianza kutabasamu, akajizuia, akashindwa. Alivuta faili yake akatuonyesha mahali alipokuwa ameandika kikohozi chini ya tembe ya pinki, halafu akakikata kwa mstari mwezi wa Juni tulipopona. Akaeleza kwamba alikuwa anakaribia kupeleka ripoti yenye kosa lile. Akatuambia pia, bila kucheka, kwamba tumecheza na hatari, kwamba dawa moja inaweza kumfaa huyu na kumwua yule, na kwamba hatuhesabiwi tena katika utafiti wake. Matibabu yetu yangeendelea.

"Lakini safu peke yake haitoshi," alimwambia Mideva. "Mama, leo unaacha pinki, unarudia nyeupe yako. Tunangoja wiki nne. Kikohozi kikiisha, ilikuwa dawa. Kisipoisha, utakwenda kwa sindano bila kubishana nami."

"Sitabishana."

Akamwandikia msimamizi wa kiwanda barua ya kuomba wiki hizo nne. Mimi na Lydiah tulipewa dawa ya tatu, ya rangi ya manjano, na tukaapishwa kwa jina la Mungu, kila mmoja na kopo lake.

Wiki ya kwanza kikohozi hakikupungua hata kidogo. Nililala sikio ukutani kama mwizi. Wiki ya pili Andati alisema kimepungua, lakini Andati ni mtu wa kutumaini, amewahi kupanda maharage juu ya simiti. Mideva aliandika kila siku kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, asubuhi ngapi, jioni ngapi, wala hakumwonyesha mtu.

Alhamisi ya wiki ya tatu niliamka alfajiri, na ng'ambo ya ukuta palikuwa kimya. Nilisubiri. Kimya. Moyo ukanipasuka, maana miezi miwili nilikuwa nimeamshwa na kikohozi kile kama jogoo. Nikachukua mwiko nikagonga ukuta kwa nguvu zangu zote, nikamwita Mideva kwa jina la mwanawe.

"Mama Mulongo! Mama Mulongo! Uko hai?"

"Niko hai!" akajibu. "Acha kuvunja nyumba ya kanjo!"

Sikuwahi kutukanwa vitamu namna ile. Nilicheka peke yangu kitandani mpaka chai ya watoto ikachelewa.

Wiki ya nne ilikwisha Jumamosi, siku nane kabla ya mashindano. Mashindano yenyewe tulikuwa wa pili, na mpaka leo nasema tulidhulumiwa. Kazini alirudi Jumatatu iliyofuata. Lakini siku ninayoikumbuka ni Jumamosi hiyo ya mazoezi. Daktari Maingi na Sista Aoko walikuja wakasimama mlangoni mwa kanisa. Sista alikuwa na fomu mpya za utafiti, na alikuwa ametuonyesha swali jipya lililowekwa juu kabisa, la kuuliza kama mtu amegawana dawa na mwenzake. Kila mwenye presha Ziwani alijua swali lile limetoka kwetu.

Mideva alifungua daftari akaanza kusoma makosa ya wiki, kama kawaida. Mtu fulani alichelewa. Mtu fulani alivaa viatu vya rangi. Kisha akasoma, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka:

"Mideva. Alibadilisha dawa. Alimdanganya Sista."

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinijia, akanipa penseli na daftari, akaenda mbele akatugeukia, mikono pembeni. Aliyekosa huimba ubeti wa kwanza peke yake, na hakuna aliyekuwa amesema sheria haimhusu mwenye daftari.

Akaanza. Sauti yake ni ndogo, nimekwisha kusema, na baada ya miezi ya kukohoa ilikuwa na mkwaruzo. Nilishika penseli juu ya kisanduku chake, tayari kwa ile K. Aliipita mitungi ya kwanza. Akafika kwenye ile sauti ndefu. Nilimwona Daktari Maingi akihesabu kwa vidole. Nne. Tano. Lydiah alinishika mkono. Saba. Nane. Akapita nane, akaenda tisa, kumi, kwa kiburi tu cha kutuonyesha, na macho yake yakajaa maji, na koo lile halikukwama.

Kanisa lilijaa vigelegele. Sista Aoko alipiga cha kwanza. Mimi nilibaki nimesimama na penseli hewani, nikingoja hata baada ya ubeti kwisha, nikasikiliza, nikakosa cha kuandika. Nilikiacha kisanduku chake wazi nikajifuta uso kwa mkono wa nguo. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuanza ubeti wa pili, nami nikajitupa ndani nyuma yao, nimekosa mwanzo. Mideva, mashavu yakiwa bado na machozi, alinikaribia bila kuacha kuimba, akaninyang'anya penseli mkononi, akaniandika.